Mahali pa Uyoga

Kalervo alipomwona Pentti sokoni Tampere, amesimama mbele ya meza ya uyoga wa manjano akimeza mate, alijua siku yake imenyooka.

Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza, kwa hiyo Kalervo alikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kumlaghai. Pentti alikuwa bahili, ila alikuwa na nyumba ya mapumziko ziwani, yenye sauna ya kuni, kile chumba cha kuogea mvuke. Kalervo aliitaka kwa Jumamosi moja tu, akamwombe Sirkka uchumba. Kwa mara ya pili. Mara ya kwanza Sirkka alikubali, na siku ya harusi bwana harusi akachelewa mpaka harusi ikavunjika, kwa sababu alikuwa nje ya kanisa akimuuzia mpiga kinanda baiskeli. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mchungaji. Tangu siku hiyo Pentti humpelekea Sirkka maua kila mwezi, anayaacha mlangoni na kukimbia.

"Unanunua uyoga, Pentti? Mwanaume mzima?"

"Kwani wewe unao?"

Kalervo akainama sikioni. "Mimi ninapo mahali."

Pentti alishika meza. Sisi Wafini tutakaa uchi na wewe kwenye sauna na mshahara wetu tutakutajia, lakini mahali tunapookota uyoga hatumwambii hata mke. Babu yangu alikufa na siri ya mahali pake, na bado nina hasira naye.

"Nipeleke."

"Nipe ufunguo wa nyumba ya ziwani."

"Ukafanye nini?"

"Nikaoge, bwana! Kwani sinuki?"

"Unanuka," Pentti alikiri, akatoa ufunguo.

Jumamosi Kalervo alimfunga macho kwa kitambaa, akamzungusha na gari, akamshusha kwenye msitu wa kwanza uliomjia kichwani. Palikuwa na jiwe lililopasuka katikati, na mbu wa kutosha.

"Hapa hapa. Tafuta tu!" alisema, akaondoka akicheka peke yake.

Jioni sauna ilikuwa imekolea moto. Sirkka aliketi ngazini na kikombe cha kahawa, akitazama ziwa.

"Safari hii hutachelewa?"

"Nakuapia, mpenzi."

Sirkka akatabasamu. Mtu mwingine angenyamaza hapo, akaoa. Lakini Kalervo kimya kilimuwasha.

"Unajua nimeipataje nyumba hii?" Akamsimulia yote, akijipiga mapaja kwa kicheko.

"Msitu gani?"

"Kuna jiwe limepasuka..."

Sirkka akaweka kikombe chini. "Kalervo. Nani alikupeleka pale?"

Ndipo akakumbuka. Alipelekwa na Sirkka mwenyewe, walipokuwa wachumba. Palikuwa mahali pa marehemu mama yake. Siku ile njia nzima Kalervo alikuwa akijisifu, hata uyoga hakuuona.

Lango likalia. Pentti aliingia kifua wazi. Kikapu kilikuwa kimejaa, na shati alilifanya mfuko.

"Ya kanisani nilikusamehe," Sirkka alimwambia Kalervo. "Lakini uyoga wa mama!" Akamgeukia Pentti. "Umemwambia mtu?"

"Mimi?" Pentti aliumia kweli. "Hata wewe nisingekuambia."

Sirkka alimtazama kama ndiyo kwanza anamwona. "Siri ya mama haitoki nje ya ukoo. Itabidi unioe."

Pentti akawa mwekundu mpaka kitovuni. "Na uyoga?"

"Tutaokota pamoja."

"Haya."

Kalervo akafungua mdomo.

"Ufunguo," Pentti alisema, mkono mbele.

Harusini Kalervo aliwahi kuliko wageni wote. Alikaa kiti cha nyuma, kimya, na mpiga kinanda hakumsalimia.