Ombi la Kuwarudisha Kwao Wote Wenye Kasoro

Kwa Shangazi,
Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo (kwa kujiteua),

Shikamoo. Naandika kwa sababu mbele ya watu ulimi wangu huganda, na Jumamosi kikao chako kinaamua kama mke wa kaka arudishwe kwao.

Kliniki nilikuwepo, nimemshikia wifi mkoba. Daktari alisema viinitete vilivyotungwa maabara "vina kasoro za kromosomu": kimoja kimepungukiwa, kingine kimezidisha, ndiyo maana vikipandikizwa havishiki. Wewe ukatangaza sebuleni, "Si mmesikia? Mwanamke ana kasoro! Arudi kwao, tutafute mzima!" Wifi alikuwa jikoni anakupikia chai. Sukari hakusahau.

Kwa heshima zote, naunga mkono hoja yako, ila nalalamika kwamba inatekelezwa kwa upendeleo:

1. Mimi nina kasoro ya macho. Nikivua miwani nauamkia mlango. Sijarudishwa popote.

2. Baba ana kasoro ya masikio, inayomjia ukianza kuzungumza wewe. Hii naomba isitibiwe.

3. Saa yako ya ukutani mwaka mzima ni saa mbili kasoro robo. Irudishwe kiwandani, na posa ipelekwe kwa saa nyingine.

4. Kitabu cha baiolojia kinasema kromosomu hukosea kugawanyika kwa watu wa kila aina, na mimba nyingi huharibika kabla hata mama hajajua. Yaani kila ukoo, hata wetu, una watoto ambao haukuwahi kujua umewapoteza. Kitabu hiki kinakupinga, hivyo kirudishwe maktaba.

Aliyetimia ni wewe tu. Jumamosi basi, kaa kikao peke yako.

Wasalimie wote, hasa wale wanaopata habari za tumbo la wifi kabla ya wifi mwenyewe.

Mtiifu wako,
Mtoto wa kaka yako, yule asiyesema

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha, majibu ya damu ya kaka na wifi yametoka. Wifi hana tatizo. Kaka ndiye mwenye kromosomu mbili zilizobadilishana vipande. Mwenyewe ni mzima, lakini viinitete vyake hupata pungufu au ziada. Mara nyingi hali hii hurithiwa, kwa hiyo daktari anaomba na damu yako. Ombi langu nalifuta lote. Wifi amesoma majibu, akasema yeye hamrudishi kaka kwao.