Mjukuu Wangu Hatajwi

Jumapili, 17 Agosti

Padri amehubiri unyenyekevu. Sikumsikiliza. Nilikuwa nawaza tumbo la mjukuu wangu Tad. Ratili mia tatu na ushei, na ndilo linalomkinga mrusha mpira asivunjwe mbavu. Timu tatu za mpira wa Kimarekani zimeshamfukuza. Hii ya nne, ya hapa hapa Wisconsin, jirani na zizi langu, itaamua Jumanne ya wiki ijayo. Nao wakimkata, anasema basi, anaachana na mpira, anakwenda kuuza matrekta kwa baba mkwe wake. Matrekta! Jitu lile!

Shida ni kwamba hakuna anayemjua. Watu wa mstari wa mbele, kama yeye, hawashiki mpira. Wanasukumana matumbo, wanainuka, wanasukumana tena. Basi nimeamua kumfanya maarufu. Nilipomwambia, akashika kichwa. "Babu, nakuomba. Kazi yangu ni kusahaulika. Siku ukisikia nimetajwa kwenye spika, ujue nimeharibu."

Ujinga wa vijana.

Jumatatu, 18 Agosti

Mazoezini. Delbert Oosterhuis, mzee mwenzangu, yuko uzioni na kiti chake cha kukunja. Mjukuu wake, Gerrit, anagombea na Tad nafasi moja iliyobaki kwenye mstari. Delbert kaniuliza kama Tad anaumwa, mbona anaburuta miguu. Nikamwambia miguu ya Tad ina nyama, mjukuu wake ni mlingoti wa bendera uliovalishwa kofia. Akanipa karanga. Nikala. Adui ni adui, karanga ni karanga.

Jumatano, 20 Agosti

Nimepata siri: Kocha Purcell, anayefundisha watu wa mstari, ana udhaifu wa soseji. Nikachemsha sufuria nzima kwa bia na vitunguu, nikampelekea getini, nikamtaja Tad kila nilipovuta pumzi. Akashukuru sana. Akala moja. Zilizobaki akampa Gerrit, eti kijana ana urefu lakini hana uzito, ale.

Gerrit akala zote! Alasiri akamwangusha kila aliyesimama mbele yake. Delbert akanipungia mkono, akaniuliza kwa sauti kama kesho napika tena.

Nimemnenepesha adui kwa soseji zangu mwenyewe.

Ijumaa, 22 Agosti

Kesho mechi ya mwisho ya majaribio. Nimeshusha darini kengele ya marehemu Bernadette, ng'ombe bora kuliko Wakristo wengi. Lorraine, mke wangu, kaniuliza naipeleka wapi. Nikasema naisafisha tu. Akasema tangu tuoane sijawahi kusafisha kitu.

Jumamosi, 23 Agosti

Adabu ya uwanja naijua tangu nikiwa na meno yangu: timu yetu ikiwa na mpira, tunanyamaza, ili watu wa mstari wasikie hesabu anayoitoa mrusha mpira kabla ya kuanza. Wageni wakiwa na mpira, ndipo tunapiga kelele. Lakini nikafikiri: kengele ikilia katikati ya kelele, nani ataisikia? Ikilia kwenye ukimya, watasikia wote! Nashangaa hakuna aliyewaza hili kabla yangu.

Tad akaingia, namba 67. Wakainama. Uwanja kimya kama kaburi. Nikapiga.

Sasa, yule mtoto kalelewa kwangu. Kila alfajiri kengele ile ilimaanisha Bernadette katoroka, kimbia! Akachomoka kabla mpira haujaguswa, akabaki peke yake upande wa wageni, akigeuza shingo kama anayetafuta ng'ombe. Refa akapuliza. Spika ikanguruma: "Namba sitini na saba! Kaanza mapema!"

Haya, katajwa.

Delbert alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Walinzi wakachukua kengele. Mama mmoja akaniita mzee bila haya, na alikuwa amevaa jibini la sponji kichwani, kofia ya mashabiki wetu.

Baada ya hapo nikajitahidi kumtazama Tad, nikashindwa. Kila mara macho yalikimbilia mrusha mpira, aliyesimama kule nyuma kama mtu anayengoja basi, suruali nyeupe pe, bila hata doa la nyasi. Tad hakutajwa tena hadi mwisho. Masikini, kafifia kabisa.

Jumapili, 24 Agosti

Tad yuko kwetu. Kala mayai bila kunitazama. Lorraine anasema nimuombe radhi. Nikamwambia Tad samahani kwa kengele, ingawa ilikuwa na sauti nzuri. Akacheka kidogo, kisha akaficha uso kwa mkate. Yule mtoto anaogopa kukatwa. Nami naogopa, ila mimi nina mbinu.

Jumanne, 26 Agosti

Siku ya kukatwa. Timu ikikupigia simu uje na kishikwambi chako cha mbinu, umekwisha. Nikafikiri: wasipompata, watamkataje? Tad alipoingia kuoga, nikachukua simu yake, nikaizika ndani ya friza, chini ya paja la paa.

Alasiri yote Tad anatafuta simu, anainua makochi kama vikapu. Mara simu ya ukutani ikalia. Lorraine akapokea, akageuka mwekundu, akaniita kwa jina langu lote.

Ni Kocha Purcell. Kapiga hadi kachoka. Anataka kujua kama Tad bado anataka kazi, maana nafasi ni yake, na asipofika kikaoni jioni hii atampa mwingine. Tad akauliza kwa sauti nyembamba, na ile kengele je? Kocha akasema ile ni ya babu yako. Baada ya pale, amerudia mkanda wa mechi na kila mara alisahau kumtazama Tad. Anamtaka mtu wa hivyo.

Tad akanibeba juu kama ndama. Kisha akaniuliza simu iko wapi. Nikasema kwanza aniteremshe, na avae glavu.

Jumatano, 27 Agosti

Nimempelekea Delbert jibini. Nusu pole, nusu kumwona uso. Kumbe Gerrit naye kabakizwa, kwenye kikosi cha mazoezi kisichocheza mechi, na mzee alikuwa anacheka peke yake barazani. Tumekaa mpaka kiza.

Ni dhahiri soseji, kengele na friza ndivyo vilivyomwingiza Tad. Ila bado hajulikani! Nimeshaongea na Wendell, mwenye ndege ya kunyunyizia dawa mahindi. Mechi ya kwanza ya ligi atapita juu ya uwanja akivuta shuka lenye uso wa Tad, akiruka chini kabisa, timu yetu ikiwa na mpira, watu wakiwa kimya.

Delbert kauliza kama upande wa pili wa shuka una nafasi.