Mkataba Mmoja, Nguzo Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Balaa. Kocha Lassalle ametuita ofisini, mimi na Zviad. Msimu ujao klabu yetu ya raga itabaki na nguzo moja tu ya kulia, yaani mchezaji mmoja wa nafasi yetu safu ya mbele. Ataamua baada ya mechi ya Jumamosi. Akasema tusiichukulie vibaya. Tuichukulieje sasa?

Nimecheza nguzo ya kulia katika mji huu tangu nina nywele. Bega langu ndilo linalobeba skramu, ule msukumano wa timu mbili zilizoinama kugombea mpira: wenzangu saba wananisukuma kutoka nyuma, wapinzani wanane kutoka mbele, na mimi katikati nasagika. Masikio yangu yamekuwa mandazi. Zviad alitoka Georgia mwaka jana. Kijana mbichi, na shingo yake haionekani inapoanzia. Nikikosa mkataba, shemeji yangu Gaston ananisubiri kwenye banda lake la bata. Ameshaninunulia buti. Alinionyesha huku anacheka, mshenzi yule.

Jumanne, 5 Machi
Nina mpango! Kesho tunapimwa uzito na mbio, na kocha hataki mnene asiyekimbia. Nimemwalika Zviad chakula cha jioni. Solange, mke wangu, amepika maharage na mapaja ya bata yaliyoiva kwenye mafuta yake. Zviad amemaliza sufuria. Akamwita Solange shemeji, akaosha na vyombo. Nilimsindikiza kwa kula, asije akashtuka.

Jumatano, 6 Machi
Zviad ameongezeka kilo mbili. Kocha amefurahi! Eti skramu yetu ilikuwa nyepesi, hatimaye kuna mtu anajitahidi. Kisha mbio. Zviad alikimbia kana kwamba mafuta ya bata ni petroli. Mimi nilitapika nyuma ya goli, mbele ya rais wa klabu. Nimemwambia ni malaria. Ameniuliza malaria ya wapi.

Alhamisi, 7 Machi
Leo nimempa Zviad ushauri wa kikubwa. Kwenye skramu anayeinama zaidi ndiye mshindi, hata watoto wa hapa wanajua. Nimemwambia asimame juu, kifua mbele, ndiyo siri yetu Wagascony, wenyeji wa huku. Akaamini. Mazoezini akanyanyuliwa hewani kama kiti cha plastiki, akaanguka chali. Roho yangu kwatu.

Muda huo huo akaja kunikumbatia. Eti sasa ameelewa kwa mwili wake kwa nini lazima ainame. Eti hajawahi kupata mwalimu wa namna hii. Baada ya hapo hakuna aliyemsogeza.

Ijumaa, 8 Machi
Sahani yangu nimeisukuma pembeni. Solange ameniuliza kama naogopa. Nimesema hapana. Naogopa sana. Sijui kazi nyingine. Najua kusukuma tu.

Jumamosi, 9 Machi
Nilianza mimi. Kipindi cha pili pumzi zikaniishia, Zviad akaingia. Akapasuka juu ya jicho, akatolewa kwenda kushonwa. Asiyefundishwa safu ya mbele haruhusiwi kuingia pale, shingo zinavunjika. Kwa hiyo nikarudishwa. Tunaongoza kwa pointi mbili, muda umekwisha, na refa anaamuru skramu mbele ya mstari wetu wa goli. Nilijua sitaiweza.

Hapo akili ikanijia. Nguzo zote za kulia zikiumia, skramu inakuwa ya maigizo, hakuna kusukumana. Nikaanguka nimeshika goti. Nililia vizuri sana. Naokoa timu, na nani atamfukuza majeruhi?

Nilisahau nusu ya pili ya sheria: timu inayoleta maigizo hucheza na mtu mmoja pungufu. Nahodha alinikumbusha, usoni pangu, kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Nikajaribu kuinuka. Daktari akanikandamiza chini: mtu aliyelia vile harudi uwanjani.

Ndipo Zviad akatokea mbio, bendeji kichwani, uzi wa mshono unaning'inia. Akainama mpaka karibu na nyasi. Skramu ikafungana. Ikatetemeka. Niliacha kulia ili nione. Haikurudi nyuma hata kidogo, kisha wapinzani wakaporomoka, na hilo ni kosa, refa akapuliza kwa upande wetu. Tumeshinda. Watu wazima walitoa machozi. Mimi nilitolewa kwa machela, goti zima kabisa.

Jumatatu, 11 Machi
Mkataba ni wa Zviad. Niliingia ofisini nachechemea kuchukua barua yangu ya kwaheri.

Zviad hakushika kalamu. Mbele ya rais na kocha akasema, "Skramu ile nilifundishwa na kaka Firmin. Aliniacha nianguke ili nijue. Akiondoka yeye, na mimi naondoka."

Rais akamtazama kocha. Kocha akanitazama miguu.

"Firmin, lilikuwa goti lipi?"

Nikamwambia yote mawili.

Nimesaini. Kocha msaidizi wa skramu! Lakini mimi si mtoto. Naiona njama ya Zviad: anataka niwe chini ya fadhila zake maisha yangu yote. Solange ameuliza kama nimemshukuru kijana wa watu. Kwa lipi?

Isitoshe, usaidizi ni cheo kidogo. Lassalle umri umekwenda, na anajisifu kwa baiskeli. Nimemwalika Jumapili tupande mlima. Baiskeli atakayopanda ni ile niliyoing'oa gia nyepesi, zile za kupandia mlima. Akishindwa mbele ya watu, rais ataelewa kwamba klabu inahitaji damu mpya, na damu mpya ni mimi.

Zviad amesikia, ameomba kuja, ili amsukume kocha mgongoni akichoka. Nimemkubalia. Lazima awepo mtu wa kushuhudia.