Kuhusu Wafalme wa Kale wa China na Koo Langu

Kwa Mama Yvette, Mhariri wa Saa ya Historia, redio yetu ya Kiswahili hapa Durban.

Nakusalimu kwa heshima zote, na pole kwa kazi. Ni mimi Audace, fundi simu wa South Beach, yule anayesoma hewani historia ya China kila Jumamosi. Nakuandikia juu ya kanuni yako mpya, kwamba kila Mchina wa kale atajwe kwa matamshi ya enzi zake, si kwa matamshi ya Beijing ya leo. Mama, nakuheshimu sana, lakini kanuni hii itaniua.

1. Hakuna aliye hai aliyewahi kuwasikia watu hao. Wataalamu wenyewe wanakisia, na kila neno wanaliwekea kinyota mbele kukiri kwamba wanakisia. Sasa hicho kinyota nikisomeje hewani? Wiki jana nilinyamaza kidogo kila penye kinyota. Fundi mitambo akadhani waya umekatika, akaweka muziki.

2. Matamshi yenyewe yanaanzia kooni, halafu yanakatika ghafla kama kwikwi. Nilipomtaja mfalme wa Chu, dola moja ya kale ya huko China, mara ya tatu, msikilizaji wetu Mama Marie-Claire wa Sydenham aliacha sufuria jikoni akaja mbio studioni na chai ya tangawizi, nyuma yake wanakwaya wanne wa kanisani kwake. Wakaniombea. Nilipotaka kuwaeleza, nikalitaja lile jina, na maombi yakaanza upya. Eish!

3. Kama ni haki, iwe haki kwa wote. Farao naye atajwe kama mama yake alivyomwita. Babu yangu Ciza alikuwa akijitaja bila jino hata moja mdomoni. Je, nikisoma habari zake, ning'oe meno yangu?

4. Hili ndilo linaloniuma. Unamjua binti yangu Iteka, ana miaka sita. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na akikasirika, Kizulu. Nilikuja redioni kwa ajili yake tu, asikie lugha ya Buyenzi, mtaa wa Waswahili nilikozaliwa, tena kwa sauti ya baba yake. Sasa anachosikia ni baba anakabwa. Hivi Kiswahili atakipenda lini, jamani?

Kwa hiyo naomba kanuni ifutwe kabla ya Jumamosi. La sivyo, kipaza sauti mpe mtangazaji mwenzangu Désiré. Yeye ana mafua mwaka mzima, matamshi hayo atayaweza bila mazoezi.

Nisalimie Papa Gustave, wote wa hapo ofisini, na yule fundi mitambo. Mwambie sina kinyongo naye.

Mtiifu wako katika mambo mengine yote,
Audace Niyongabo

N.B. Mama, usimwite Désiré! Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha. Asubuhi hii nimemkuta Iteka amewapanga wanasesere wake kwenye kochi, ameshika kijiko kama kipaza sauti, anawasimulia kipindi cha wiki jana. Kwa Kiswahili, Mama! Penye kinyota ananyamaza. Akifika kwa mfalme wa Chu anajikaba koo, anacheka mpaka anakaa chini, anaendelea. Kwa furaha nikalitaja jina la mfalme pamoja naye. Akanitazama kwa huruma: "Hapana, baba. Umekosea. Sema tena, pole pole." Nimesema tena mara kumi na mbili. Naomba orodha ya wafalme waliobaki, wenye majina magumu watangulie.