Holden ya Baba na Siri Chini ya Boneti

Jumatatu, 4 Machi

Msiba! Holden imezima barabarani mbele ya maghala ya ngano, inafuka moshi wa buluu, watu wote wanatazama. Pikapu ya marehemu baba yangu! Noelene wa gereji akaivuta kwa trekta mpaka uani kwangu. Njia nzima anacheka.

Hukumu yake: ringi za pistoni zimekwisha, silinda zimelika. Ama injini ifunguliwe na kusukwa upya, ama itolewe na kuchomekwa nyingine. Nikamuuliza yeye angechagua ipi. Akasema angechagua kupima oili walau kila Krismasi. Dharau tupu.

Kusuka upya, bila shaka. Ndiyo injini aliyoiendesha Baba. Lakini Noelene hana nafasi. Msimu wa kupanda ngano unakaribia na gereji yake imejaa matrekta ya mji wetu wote wa Mulgandra. Nami sina muda wa kungoja. Tegan, binti yangu wa pekee, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Tangu utotoni anasema ataenda kanisani ndani ya pikapu ya babu yake, mimi nikiendesha. Niliahidi.

Basi nitaisuka mwenyewe. Kuna ugumu gani?

Jumatano, 6 Machi

Kazi inakwenda vizuri ajabu. Nimechemsha pistoni kwa sabuni ndani ya sufuria ya jemu ya mke wangu Glenys. Zimetakata! Glenys karudi mapema. Kauliza kwa nini jiko la mke halali linanuka kituo cha petroli. Nikasema labda upepo. Kauliza sufuria yake iko wapi. Nikakumbuka shughuli bandani.

Jioni Col Rademaker kapiga simu. Huyu ndiye baba wa bwana harusi. Mtu mwema, mkarimu, mcheshi, na mtu wa magari ya Ford. Hapa kwetu mtoto huwa wa Holden au wa Ford kabla hajapata jina, na sisi akina Stubbings tunajulikana ni wa Holden. Amesikia nimekwama. Eti Ford Falcon yake iko tayari kumbeba bi harusi. "Usijali, mkwe, nishaing'arisha. Hata utepe nishafunga!"

Binti wa ukoo wetu ashuke kanisani kutoka kwenye Ford? Nikamshukuru kwa sauti ya upole. Kisha nikapiga teke ndoo.

Ijumaa, 8 Machi

Nilining'iniza winchi kwenye boriti ya banda. Injini ikapanda vizuri sana. Boriti ikashuka vizuri zaidi. Bloku ya injini imepasuka katikati, ufa unapitisha kidole.

Nililia kidogo. Nasema wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma. Baba aliifungua injini ile na mimi nikiwa nimeshika taa, akinigombeza nishike vizuri.

Nimefunika kwa turubai. Nimemwambia Glenys mambo yanaenda.

Kutwa nimetafuta injini ya Holden. Wapi! Wenye nazo wamezikumbatia. Mmoja kataka mitamba yangu yote. Mwingine kasema atanipa akifa, na akaniomba nisimharakishe. Kwa muuza vyuma chakavu imebaki injini moja tu nzima. Ya Ford.

Nikaondoka nimeinua kichwa. Nikafika getini. Nikamkumbuka Tegan akishuka kutoka Falcon ya Col, na Col akipunga mkono. Nikarudi.

Maana tuelewane: gari likibeba injini ya Ford bado ni Holden. Mtu akimeza kuku hawi kuku.

Jumapili, 10 Machi

Injini ya Ford nimeileta nyumbani chini ya turubai. Jirani kauliza nina nini. Nikasema nguruwe. Kaniuliza mbona hatoi sauti. Nikasema ana huzuni.

Noelene kakubali kuja kunisaidia. Alipofunua turubai alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Kisha akaapa kunyamaza, kwa sharti la paja la kondoo na kiti cha kwanza kwenye meza ya keki. Kisha akacheka tena. Tumekata, tumechomelea, tumehamisha betri. Kasema hii si kubadilisha injini, hii ni kubadilisha dini.

Jumatano, 13 Machi

INAWAKA! Nimecheza dansi na ufagio. Glenys katoka nje, kasikiliza, kasema inanguruma kama ile ya Col. Nikamwambia akasafishe masikio. Chakula cha jioni nimejipikia mwenyewe.

Sasa tatizo ni boneti. Wanaume wa hapa hawawezi kulipita gari la zamani lililoegeshwa bila kuinua boneti. Watasimama nusu duara, bia mkononi, watatikisa vichwa, watasema ehee. Kumkatalia mtu ni kumtukana. Na hapo kanisani watakuwapo hamsini.

Nimepata dawa. Kwanza, injini nimeipaka rangi nyekundu, ile ya Holden za zamani. Pili, mnyororo na kufuli kwenye boneti. Tatu, kuficha kufuli, fundo kubwa jeupe la kitambaa cha pazia. Kubwa kabisa! Limefunika pua yote ya gari, taa hadi taa. Wakiniuliza nitasema oili isikutane na gauni. Nani atabisha?

Akili hii nimerithi wapi, sijui.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika bado nimevaa suti.

Asubuhi njema, jua kali. Tegan kwenye gauni, kama mama yake siku ile. Nikafungua mlango, akapanda, akagusa dashibodi ya babu yake. Nilikuwa na furaha ya kutosha kupasua koti.

Karibu na kivuko cha reli, mvuke! Mawingu ya mvuke. Lile fundo langu lilikuwa limeziba upepo wote wa rejeta. Nikasimamisha gari. Nikatafuta ufunguo wa kufuli. Upo kwenye suruali ya kazi, nyumbani.

Nyuma yetu msafara wote wa harusi ukasimama. Wa kwanza Col, ndani ya Falcon. Akaja na mkasi wa kukatia nyaya za uzio. Nikamwambia gari linahitaji kupumzika tu. Nikamwambia hii ni mila ya ukoo wetu. Nikakalia boneti. Moto! Nikaruka. Mnyororo ukakatwa, boneti ikainuka, na wanaume wote wenye suti wakajipanga nusu duara.

Rangi nyekundu ilikuwa inamenyuka kwa joto. Col akavua kofia.

Tegan akashuka, akachungulia. Akaniuliza ile si injini ya Babu, siyo? Nikamwambia yote. Boriti, ufa, nguruwe. Sikuweza kumtazama.

"Yaani Baba, umetia Ford kwenye gari la Babu ili mimi nisipande Ford?"

Nikasema ukiitamka hivyo inaonekana vibaya.

Akacheka mpaka taji lake la maua likaanguka. Akanikumbatia, gauni na oili vikakutana. "Mi nilitaka wewe unifikishe tu, Baba. Hata kwa toroli ungenifikisha."

Col akang'oa pazia, akajaza maji kwenye rejeta, akafunga boneti taratibu. Hakunitania hata kidogo. Tukafika kanisani tumechelewa, mimi nikiendesha, ahadi imetimia.

Utani aliuweka kwa ajili ya hotuba. Kasimama, kainua glasi, kasema vijana wameunganishwa na mchungaji leo, lakini mkwe wake Merv, yaani mimi, alitangulia kuunganisha koo hizi bandani kwake Jumapili. Ukumbi ukalipuka. Noelene alicheka mpaka akaangukia keki.

Jumapili, 17 Machi

Nimemwahidi Tegan, mkono kifuani: hakuna siri tena, hakuna ujanja, nikikwama nitasema nimekwama. Kanibusu, wameenda fungate.

Mchana kaja mzee Athol Brindley, mtu wa Holden tangu kuzaliwa. Jana alilia mbele ya boneti yangu. Hakulala. Kaniletea injini ya Holden aliyoitunza ghalani, nzima kabisa, zawadi, kuniokoa na fedheha.

Mtu mwingine angeirudisha kwenye pikapu ya Baba. Nimelifikiria sana hilo. Lakini pikapu inakwenda vizuri, na haraka ya nini?

Col na mkewe wameondoka leo kwenda pwani kwa wiki nzima. Kaniomba nimtunzie Falcon yake bandani, maana sasa sisi ni ndugu.

Boriti mpya ni ya chuma, haitashindwa na injini ya Falcon. Glenys kauliza mbona kuna kelele za mnyororo. Nimemwambia napanga viti vya harusi.