Soprano kwa Mujibu wa Tepu

Wananchi wote, wenye sauti na wasio na sauti, walitangaziwa kwamba opera imefika Gitega, na kwamba kuanzia siku hiyo itasimamiwa.

Tangazo lilisomwa redioni na Gervasi mwenyewe, mkuu mpya wa Idara ya Uinuaji na Uratibu wa Sauti. Kabla ya cheo hicho alikuwa msimamizi wa viti na mahema ya sherehe, kazi aliyoifanya kwa uaminifu mkubwa. Alijua nani akae mstari wa mbele, nani apewe kiti chenye mikono na nani aachiwe benchi. Opera hakuwa ameisikia hata siku moja. Lakini kutojua jambo hakujawahi kumzuia mtu kulisimamia. Kungezuia, ofisi nyingi za mjini zingekuwa maghala ya maharagwe.

Siku hizi Gervasi husimulia mambo haya mwenyewe, na hujicheka kabla wengine hawajaanza kumcheka. Wakati ule hakucheka. Alivaa tai.

Chanzo cha yote kilikuwa mwanamke mmoja aitwaye Emerensiana. Alizaliwa Giteranyi, akakulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kisha akaimba katika majumba ya opera ya Ulaya mpaka mvi zikamkuta jukwaani. Sasa alikuwa anarudi nyumbani kuendesha darasa la mabingwa. Mwimbaji mzoefu humsimamisha kijana mbele ya watu, humsikiliza, humrekebisha, na kijana hurudia mpaka wimbo ukae. Mafunzo yangekuwa Muyinga, onyesho la mwisho Gitega, na kijana mmoja angechaguliwa kwenda kusoma uimbaji ng'ambo.

Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Nazario, aliafiki kwa sharti kwamba kazi isianze bila maandalizi.

"Gervasi, ule mama akifika, akute vijana wote wako wamepangwa," alisema. "Tusiaibike."

"Sawa, Mheshimiwa. Wapangwe vipi?"

"We ndo mukubwa wa sauti. Panga, alors!"

Gervasi akateremka Muyinga na kufungua ofisi ya muda katika ukumbi wa parokia. Alikuwa ameuliza huku na huku, akaambiwa opera ina sauti za juu, za kati na za chini. Kwa mtu aliyelelewa na mahema, hilo halikuhitaji maelezo zaidi. Juu ni juu. Alikwenda sokoni, akaazima tepu kwa fundi cherehani, akaanza kupima vijana kuanzia kisigino hadi utosini. Warefu wakawa soprano, sauti ya juu kabisa. Wafupi wakawa besi, ya chini kabisa. Wa wastani aliwaambia wasubiri maelekezo.

Fundi mwenye tepu, Ilyasi, naye alikuwa kwenye mstari, maana tangu utotoni aliitikia kaswida kwa sauti ya kutikisa vioo. Alikuwa mrefu kama mlingoti.

"Soprano," Gervasi alitamka.

"Shefu, mi sauti yangu iko chini sana. Iko chini kabisa, kama pipa."

"Itapanda. Urefu unao."

"Lakini shefu, hii tepu ni ya suruali!"

"Ndugu Ilyasi, usiingilie mambo ya kitaalamu."

Nyuma yake alisimama msichana mfupi, Upendo, aliyetoka Butihinda kwa baiskeli. Familia yake ilikuwa imerudi kutoka Tanzania na kuanza upya shambani. Kanisani kwao watu walizoea kufika mapema si kwa sababu ya mahubiri, bali ili wamsikie yeye akipasha sauti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Simama wima. Hm. Besi."

"Mzee, mimi huimba sauti ya kwanza."

"Ulikuwa ukiimba bila utaratibu, binti yangu. Sasa umo katika utaratibu."

Upendo hakubisha. Alikuwa amelelewa kumheshimu mtu mzima mwenye tai. Wiki nzima ya maandalizi aliinamisha kidevu, akatafuta noti za chini ambazo Mungu hakumpa, huku Ilyasi pembeni akipiga mayowe ya soprano hadi mbuzi wa jirani wakahamishwa. Gervasi alipita katikati yao mikono mgongoni, akaripoti Gitega kwamba sauti zinainuka kwa kasi ya kuridhisha.

Emerensiana alifika Jumatatu. Alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, na hakutaka kukaa kwenye kiti chenye mikono. Aliomba vijana waimbe. Walipoanza, alivua miwani.

"Bwana Gervasi, kwa nini huyu kijana anapiga kelele kama amefungiwa chooni?"

"Huyo ni soprano, Madamu."

"Huyo ni besi. Besi nzuri sana."

"Madamu, kwa mujibu wa upimaji, ni soprano. Haiwezekani akabaki soprano mpaka Ijumaa, halafu tukabadilisha taratibu?"

Emerensiana alikuwa tayari amemsogelea Upendo, akamwinua kidevu, akamwomba atoe noti moja tu, ile anayoipenda. Kilichotoka kilikuwa upepo na mkwaruzo, kama mlango wa ghala. Upendo alijaribu tena. Mkwaruzo ule ule. Machozi yakamlengalenga.

"Nani alikwambia uimbe chini?"

Upendo alitazama sakafu. Ukumbi mzima ulimtazama Gervasi, na Gervasi, kwa mazoea, aligeuka nyuma kuona kama kuna mdogo wake kicheo. Hapakuwa na mtu.

"Ni mimi," alisema. "Nilimpima."

"Ulimpima nini?"

"Urefu, Madamu."

Emerensiana aliwahi kuzomewa na majumba makubwa, aliwahi kuangukiwa na pazia katikati ya wimbo, lakini hakuwahi kukosa neno mpaka siku hiyo. Mwishowe alisema taratibu, "Huyu asitoe sauti mpaka nitakapomruhusu. Hata salamu. Akibahatika, itarudi. Na wewe, bwana, mrudishie fundi tepu yake."

Basi Upendo akakaa kimya siku baada ya siku, kitambaa shingoni, akiangalia wenzake wakirekebishwa mmoja mmoja. Ilyasi alirudishwa chini alikostahili, akaimba mpaka watu wa sokoni wakaja kuchungulia. Mbuzi walirudi.

Gervasi hakulala vizuri wiki ile. Alifikiri juu ya baiskeli ile na njia yote ya kutoka Butihinda. Alasiri moja alichemsha maji ya tangawizi kwa mkono wake, jambo ambalo mkewe Paskazia hangeliamini bila ushahidi, akampelekea Upendo kwenye benchi nje ya ukumbi.

"Binti yangu," alisema, "nimekukosea. Sikujua nilichokifanya. Na kilicho kibaya zaidi, nilikifanya kama mtu anayejua. Nisamehe."

Akangoja lile "si neno, mzee" ambalo wadogo humpa mkubwa haraka ili asiaibike. Halikuja. Upendo alikuwa amekatazwa kusema. Alimtazama tu, akanywa tangawizi, akamtazama tena. Gervasi alibaki na ombi lake mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuomba radhi mpaka mwisho, na aligundua kwamba ni kazi ngumu kuliko kubeba mahema.

Siku ya onyesho, Gitega ilijaa. Mama yake Upendo alikuja kutoka Butihinda na kitenge cha buluu, akakaa mstari wa tatu. Nyuma ya jukwaa, Emerensiana alimpasha Upendo sauti kidogo kidogo. Ilikuwa imerudi, lakini kama mgonjwa anayejaribu kutembea.

"Sikiliza, Bwana Gervasi," alisema. "Koo hili limepata moto sasa. Aimbe sasa hivi. Tukimchelewesha, litafunga, na sitakubali alilazimishe. Wa kwanza ni nani?"

Gervasi alichungulia jukwaani. "Wa kwanza ni hotuba."

"Fupi?"

Gervasi alikumbuka hotuba ya Mheshimiwa iliyoanza na umande ikaisha na umande mwingine. "Madamu," alisema, "hata siku aliyokuja kutoa pole msibani, waombolezaji walikwenda kula wakarudi."

Nazario alikuwa tayari jukwaani, tumbo mbele, kipaza sauti mkononi. "Ndugu wananchi! Ni kwa furaha isiyo na kifani kwamba..."

Emerensiana akatoka pembeni, akapanda jukwaani, akasimama karibu naye kama anavyosimama karibu na mwanafunzi yeyote.

"Hapo hapo, Mheshimiwa. Una sauti."

Watu wakapiga makofi. Nazario akatabasamu, akarekebisha koti. "Merci, Madamu. Watu wanasemaka hivyo."

"Lakini umepumua katikati ya 'furaha'. Furaha haikatwi. Rudia."

Nazario akacheka, akaangalia watu wa redio, akarudia. Alikuwa mtu anayependa kusikilizwa, na hakuwahi kusikilizwa kwa makini kiasi kile.

"Vizuri. Sasa hiyo furaha iko wapi mwilini?"

"Iko... iko hapa."

"Hapo ni mfuko wa koti. Kama haipo, iache. Nenda kwenye neno unaloliamini."

Kicheko kikapita ukumbini. Nazario akakaza sauti. "Ofisi yangu imefanya juhudi kubwa kuwaendeleza vijana hawa!"

"Unamwambia nani?"

"Wananchi."

"Wananchi ni wengi, sauti inapotea. Mwangalie mmoja. Yule mama wa kitenge cha buluu. Mwambie yeye."

Nazario akamtazama mama yake Upendo. Mama naye alimtazama, bila ubaya wowote, mikono mapajani, akingoja kwa hamu kuambiwa ni juhudi gani. "Ofisi yangu," Nazario alianza, "imefanya... ofisi yangu..." Jasho likamtoka. Aligeuka pembeni.

"Gervasi! Iko nini hii? Toa huyu mama hapa!"

Gervasi alipiga hatua moja kuelekea jukwaani, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imetii kwa miaka mingi. Kisha akamwona Upendo nyuma ya pazia, ameshika koo kwa mikono miwili kama mtu anayekinga mshumaa na upepo. Miguu ikasimama. Alijua kabisa anachokipoteza: ofisi, cheo na tai.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti yake ilitetemeka ukumbi mzima ukisikia, "mwalimu amesema urudie."

Nazario alimtazama Gervasi, akamtazama mwalimu, akamtazama yule mama aliyekuwa bado anangoja. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Karibuni. Mi nitakaa. Sikilizeni watoto."

"Hiyo naiamini," alisema Emerensiana.

Makofi yakalipuka. Gervasi, aliyekuwa kila sherehe akipanga watu wa kuanzisha makofi, alitambua mara moja kwamba haya hakuna aliyeyaagiza.

Upendo akaingia. Emerensiana aliwaambia watu kwamba wimbo ni wa binti anayemuaga baba yake. Maneno yalikuwa ya Kiitaliano, na ukumbi haukujua hata moja, lakini ulikuwa ukumbi wa watu waliowahi kufunga mizigo. Noti ya kwanza ilikwaruza. Mama wa buluu alifumba macho. Ya pili ikashika, ya tatu ikafunguka, kisha sauti ikapanda juu ya vichwa, juu ya viti vyenye mikono na mabenchi, ikabaki huko bila kutafuta ruhusa. Gervasi alilia na hakujifuta.

Emerensiana alimchagua Upendo, na hakuna aliyeuliza sababu.

Kesho yake Gervasi alivaa suti ya kufukuzwa kazi, akamuaga Paskazia, akaenda kwa Mkurugenzi. Nazario alikuwa dirishani.

"Ule mama alisema niko na sauti. Alisema kweli, ama alinicheka?"

Gervasi alikuwa na majibu mengi ya kuwapendeza wakubwa. Alichagua jibu asilolizoea. "Alisema kweli, Mheshimiwa. Sauti unayo. La kusema, hakulitaja."

Nazario akageuka kutoka dirishani. "Na hilo linafundishwa wapi?"

"Muyinga, Mheshimiwa. Darasa linaendelea, na Upendo anafundisha wanaoanza mpaka siku ya safari yake."

Gervasi hakufukuzwa. Alijiandikisha darasani yeye mwenyewe, na baada ya kumsikiliza, Emerensiana alimshauri kwa upole aendelee na viti. Ndiyo maana alikuwa ukumbini Muyinga, akipanga mabenchi, Jumatatu ile gari la Mkurugenzi Mkuu liliposimama mlangoni. Nazario aliteremka bila msafara, akasimama kwenye mstari, nyuma ya mkata majani wa Gashoho na binti wa shule. Zamu yake ikafika.

"Shikamoo, mzee," alisema Upendo. "Tunaanza kwa kutaja jina kwa pumzi moja."

Nazario akavuta hewa, akatoa kifua. "Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu Na..." Hewa ikaisha. Akakohoa.

Upendo akamngoja apoe.

"Mzee," alisema, "hayo mengine ni marefu kwa mtu anayeanza. Leo tuimbe Nazario tu."