Miguu Yote Miwili Chini

Omosa alipomwona Bitutu sokoni Nyakoe akiulizia baiskeli, alimshukuru Mungu, ambaye kwa kweli hakuhusika. Mama huyu alikuwa mfupi, na kikapu chake kililia njilinjili chini ya leso kama benki ndogo. Naye Omosa alikuwa na baiskeli ndefu ya baba mkwe wake, Mzee Nyangau, aliyoiazima kupeleka ndizi. Nia yake ilikuwa aiuze, kisha akalie mbele ya mzee kule Gesima: majambazi wa miraba minne wameinyakua! Uongo huo aliufanyia mazoezi tangu asubuhi, machozi pamoja.

"Nataka ya kunitosha," Bitutu alisema. "Nikikaa, miguu ifike chini."

"Mama, hii walikupima wewe ndipo wakaiunda."

Hakutaja kwamba magurudumu alikuwa ameyatumbukiza kwenye mtaro mkavu. Bitutu akasaidiwa kupanda, na nyayo zake zikakanyaga kingo za mtaro, huku na huku.

"Aii! Miguu yote miwili!"

"Si nilikwambia? Wengine wangekuuzia ya watoto, wakuaibishe."

"Basi nijaribu barabarani kidogo. Nishikie kikapu, kijana wangu. Usifungue, mali yangu yote imo."

Omosa alikipima mkononi. Kizito! Akaitoa baiskeli mtaroni kwa heshima zote. Nje ya mtaro mama huyu hangefikia kile kiti hata kwa ngazi. Angeanguka hapo hapo, na kabla hajajipangusa vumbi, kijana wake angekuwa mbali na kikapu.

Bitutu hakujisumbua na kiti. Alipenyeza mguu chini ya chuma cha juu, kama mtoto yeyote wa milimani aliyejifunzia baiskeli ya babake, akainama upande kama mgomba wenye mkungu, akakanyaga. Mteremko ukamalizia kazi.

"Mama! Rudi!"

"Imenitosha, kijana wangu!" sauti ilijibu kutoka konani.

Omosa akafunua leso. Kikapu kilijaa kengele za baiskeli, kila moja na mwenyewe anayelia mahali fulani.

Jioni alisimama mbele ya Mzee Nyangau.

"Nani ameichukua?"

"Mama mmoja, baba. Mfupi hivi."

"Mfupi? Baiskeli yangu? Alipandaje?"

Omosa aliutazama ukweli wake, akauona nao ni mfupi mno. Miguu ya ukweli huo haikufika chini.

"Majambazi, baba," akasema. "Wa miraba minne."

Machozi yalikuja yenyewe.